Nyuki, Alizeti na Pori: Maelezo Juu ya Elimu ya Viumbe na Mazingira Yao

Watoto wa wanachama wetu wanaosoma shule za sekondari hurudi nyumbani na daftari lenye somo liitwalo ikolojia. Mzazi aulizapo maana yake huambiwa kwamba ni elimu ya uhusiano wa viumbe hai na mazingira yao. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni fupi mno, na mzazi aliyelima Mwankoko kwa miaka thelathini hubaki akidhani kwamba ni jambo la vitabuni lisilomhusu. Kumbe linamhusu kuliko linavyomhusu mwalimu. Makala haya yanakusudia kumweleza mwanachama, na hasa katibu wa chama cha msingi ambaye ndiye mwenye kushika daftari la mizani, kwa nini elimu hiyo ina uzito wake ndani ya gunia la alizeti.

Neno lenyewe lilitungwa mwaka 1866 na mtaalamu Mjerumani, Ernst Haeckel, kutokana na neno la Kigiriki oikos, yaani nyumba au kaya. Neno ambalo watu wa Ulaya hulitumia kwa uchumi nalo limetoka katika shina hilohilo. Kwa hiyo mtu afikiriye kwamba mambo ya uchumi hukaa ofisini na mambo ya mazingira hukaa porini anatenganisha ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1935 Mwingereza Arthur Tansley alianzisha neno jingine ambalo kwa Kiswahili twasema mfumo ikolojia. Maana yake ni kwamba viumbe wa mahali fulani, pamoja na udongo, maji, hewa na joto la mahali hapo, hufanya kitu kimoja kinachotenda kazi pamoja, na ukigusa upande mmoja, upande mwingine utatikisika.

Tuanze na kilicho machoni petu. Mkulima wa Kinyaturu tangu zamani ametegemea samadi. Ng'ombe huenda malishoni mchana, na jioni hurudi zizini wakiwa wamebeba rutuba ya malisho ndani ya matumbo yao. Samadi hupelekwa shambani, uwele na mtama huota, watu hula nafaka, na mabua huachiwa ng'ombe baada ya mavuno. Hapo mwanafunzi anaweza kuonyeshwa sehemu kubwa ya somo lake bila kufungua kitabu. Mimea ni wazalishaji, kwa sababu hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ukaa kutengeneza chakula. Ng'ombe na binadamu ni walaji. Mchwa, kuvu na bakteria ni waozeshaji, ambao huvunjavunja samadi, mabua na mizoga mpaka virudi kuwa chakula cha mimea. Pasipokuwa na hawa wa mwisho, shamba lingefunikwa na mabua ya miaka mia na lisingekuwa na rutuba hata kidogo.

Lakini yapasa kutofautisha mambo mawili. Rutuba huzunguka, nguvu ya jua haizunguki. Katika kila hatua, kutoka majani hadi panzi, na kutoka panzi hadi ndege, sehemu kubwa ya nguvu hupotea kwa joto na mwendo, na kwa kukadiria tu husemwa kwamba sehemu moja ya kumi ndiyo huvuka kwenda hatua inayofuata. Ndiyo sababu panzi ni wengi, kuku wachache kuliko panzi, na mwewe huonekana mmoja mmoja juu ya kijiji kizima. Tena rutuba nayo haizunguki yenyewe pale mazao yanaposafirishwa. Gunia la alizeti linalopanda lori huondoka na sehemu ya shamba. Hapa pana jambo ambalo vyama vyetu havijalipima vya kutosha: mafuta yenyewe hubeba madini kidogo sana, na rutuba iliyochukuliwa na mbegu hubaki karibu yote katika mashudu. Chama ambacho wanachama wake hukamua karibu na nyumbani na kuwapa ng'ombe mashudu hurudishiwa rutuba yake kwa njia ya zizi. Chama kinachouza mbegu nzima kwenda mbali huuza mafuta pamoja na udongo, lakini hulipwa bei ya mafuta tu.

Kwa upande mwingine, mazingira huchagua ni nani atakayeishi ndani yake. Mfano mzuri ni maziwa ya Singidani na Kindai hapo mjini. Maji yake yana chumvi kwa kuwa hayana mto wa kutokea. Maji huingia kwa mvua na kutoka kwa jua. Viumbe wengi hawastahimili maji ya namna hiyo, lakini mwani mdogo sana wa rangi ya kijani na buluu huyapenda, na heroe mdogo ana mdomo uliopinda ambao huuchuja mwani huo. Heroe hao wakishamaliza chakula huruka kwenda ziwa jingine la magadi, na wanapotaka kuzaa katika Afrika Mashariki hutegemea Ziwa Natron karibu peke yake. Basi mtu akiharibu Natron, anaweza kuwanyima watu wa Singida ndege ambao yeye hajui kama hufika huku.

Tuje sasa kwenye alizeti, ambayo ndiyo fedha ya wengi wetu.

Kile kinachoitwa ua la alizeti kwa kweli si ua moja. Ni mkusanyiko wa maua madogo mamia kwa mamia, na katika kichwa kikubwa yaweza kupita elfu moja, yaliyopangwa kwa mzunguko kuanzia ukingoni hadi katikati. Yale majani ya manjano ya pembeni ni ya maua tasa. Kazi yake ni kuita wadudu kama kibao cha duka. Kila ua dogo la ndani lina uwezo wa kutoa mbegu moja, na mbegu hiyo haitajaa isipokuwa chavua imefika kwenye sehemu ya kike ya ua. Hapo pana hila ya maumbile. Ua dogo hutoa chavua yake kwanza, na sehemu yake ya kike hujitokeza baadaye, kwa kawaida siku ya pili. Kwa hiyo ua hujizuia kujichavusha lenyewe, na huhitaji chavua ya ua jingine, au ya mmea mwingine kabisa. Chavua ya alizeti ni nzito na yenye kunata. Upepo hauisafirishi vizuri. Anayeisafirisha ni mdudu, na kati ya wadudu wote mfanyakazi mkuu ni nyuki.

Nyuki hana habari na gunia letu. Yeye hufuata mbochi, yaani maji matamu ya ua, pamoja na chavua ambayo ni chakula cha watoto wake. Akipita juu ya kichwa cha alizeti hujipaka chavua mwilini, na akihamia kichwa kingine huiacha pale panapohitajika. Huduma hiyo hailipiwi, haina stakabadhi, wala haionekani katika hesabu za mwaka. Huonekana tu pale inapokosekana. Mkulima huvunja kichwa kikubwa cha kupendeza, na katikati yake hukuta mapepe: maganda matupu yasiyo na kiini. Mapepe hujaza gunia lakini hayajazi mizani, na kiwandani hayatoi tone la mafuta.

Ni haki kusema kwamba mapepe yana sababu nyingine pia. Ukame unapoingia wakati mbegu zinajaa, au udongo ukipungukiwa na madini ya boroni, mbegu hubaki tupu hata kama nyuki walikuja. Vilevile mbegu hazilingani. Mbegu kama Record, iliyotoka Romania na kulimwa kwa miaka mingi nchini mwetu, hutegemea sana kuchavushwa na wadudu, ilhali chotara nyingi za siku hizi zinaweza kujichavusha zaidi, ingawa nazo huzaa vizuri zaidi nyuki wakiwapo. Katibu asikimbilie kulaumu jambo moja kabla ya kuangalia mashamba. Dalili moja yafaa kutazamwa: ikiwa mashamba yaliyo karibu na pori yana mbegu zilizojaa, na yale yaliyo mbali, ya mbegu ileile na mvua ileile, yana mapepe, basi kuna sababu nzuri ya kuwaulizia nyuki.

Nyuki hao hutoka wapi? Hilo ndilo swali ambalo mkulima wa alizeti hujiuliza mara chache. Shamba la alizeti huchanua takriban miezi miwili baada ya kupandwa, na maua ya kichwa kimoja humalizika katika siku chache, kati ya tano na kumi. Hata tukihesabu mashamba yaliyopandwa mapema na yaliyochelewa, alizeti humlisha nyuki kwa majuma machache tu. Nani humlisha majuma yote yanayobaki ya mwaka? Ni pori. Ni migunga ambayo mingi huchanua wakati wa kiangazi, ni mikwaju, na upande wa Manyoni ni miti ya miombo na kile kichaka kizito cha Itigi kinachojulikana na wataalamu wa mimea ulimwenguni kwa kuwa mfano wake ni haba. Kundi la nyuki haliwezi kufunga duka na kungojea alizeti ya mwaka ujao. Nyuki mtendakazi huishi kama majuma sita tu wakati wa kazi nyingi. Pasipo maua ya kiangazi, kundi huhama au hufa, na alizeti ichanuapo hukuta mizinga mitupu.

Nyuki hutafuta chakula zaidi katika umbali wa kilometa mbili au tatu kutoka mzingani, ingawa akibanwa na njaa huenda mbali zaidi. Chukueni kipimo hicho, ndugu wanachama, mkitazame juu ya ardhi ya kijiji. Mtu mmoja akikata migunga ya bondeni kuchoma mkaa, hupata fedha ya magunia machache ya mkaa mara moja. Hasara haimwangukii yeye peke yake. Huwaangukia wote wenye mashamba ndani ya kilometa tatu, kila mwaka, na wala hawatajua ilikotoka. Mambo ya namna hii ndiyo yaliyofanya watu waunde ushirika tangu mwanzo, kwa kuwa mtu mmoja peke yake hana njia ya kuyazuia.

Warina asali nao wasijitoe katika maneno haya. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuubambua mti gome lake kwa kuuzunguka, na mti uliobambuliwa hivyo hufa. Kwa hiyo mtu huua mti uliomlisha nyuki ili ampatie nyuki nyumba. Mzinga wa mbao una gharama yake, lakini mti mmoja uliopasuliwa mbao hutoa mizinga mingi kuliko shina lililokufa limesimama. Tena wapo nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao huuzwa kwa bei ya juu kuliko ya nyuki wakubwa. Hao hukaa zaidi katika mashimo ya miti mikongwe, na ukikata mti huo kwa kutaka asali ya siku moja umevunja ghala.

Jambo la pembeni, lakini watoto hulipenda: si kila mti huchavushwa na nyuki. Mbuyu hufungua maua yake makubwa meupe jioni, na mgeni wake mkuu ni popo. Ua hilo halidumu. Kesho yake huanza kunyauka na kuanguka. Wanakijiji wanaofukuza popo wote kwa kudhani ni wachawi wajue kwamba ubuyu wao huanzia kwa ndege huyo asiye ndege.

Sasa kuhusu dawa za wadudu. Dawa inayoua mdudu mharibifu haina macho. Humwua na nyuki. Shamba la alizeti likinyunyiziwa asubuhi likiwa limechanua, wafanyakazi wa mizinga yote ya karibu hufa wakiwa kazini, na wanaorudi huipeleka sumu nyumbani. Ikiwa hapana budi kunyunyizia, inafaa kufanya hivyo kabla shamba halijachanua. Au, ikishindikana, jioni nyuki wakiwa wamekwisha kurudi, na kwa dawa isiyodumu muda mrefu juu ya majani. Wenye mizinga wanapaswa kuambiwa mapema ili waifunge au waihamishe. Si tu kwa ajili ya asali yao. Wanamtunzia mwenye shamba wafanyakazi wake.

Habari ya dawa hutuleta kwa kwelea kwelea, adui anayejulikana na kila mlima uwele na mtama. Huyu hudhaniwa kuwa ndege wa porini aliye wengi kuliko wote duniani. Mmoja hula kama gramu kumi za nafaka kwa siku, ambazo si kitu. Lakini wakija milioni moja ni tani kumi kila siku. Kwa kweli chakula chake cha asili ni mbegu za nyasi za porini. Mvua za kwanza zinapoziotesha mbegu hizo, chakula hicho hutoweka kwa ghafula, na ndege hulazimika kuhama kufuata mahali ambapo nyasi zimekwisha kuzaa upya. Makifaranga yake huanza kulishwa wadudu, na toka yai hadi kuruka huchukua takriban mwezi mmoja. Huzalia katika migunga yenye miiba, viota maelfu pamoja.

Mkulima aliyechoka na kwelea mara nyingi huacha mtama akapanda mahindi, kwa kuwa punje ya hindi ni kubwa mno kwa mdomo wa ndege huyo. Kwa upande wa ndege amefanya busara. Kwa upande wa mvua amejiweka hatarini, maana mkoa wetu hupata kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka katika msimu mmoja, na mahindi hayavumilii pengo la majuma matatu kama uwele unavyovumilia. Hivyo ndege mdogo huweza kuleta njaa kwa njia ya pili, bila kula punje hata moja. Huo ndio uhusiano wa viumbe na mazingira ambao mwanafunzi anauandika daftarini.

Serikali husaidia kwa ndege zinazonyunyizia dawa iitwayo fenthioni juu ya malalo na mazalio. Dawa hiyo huokoa mazao, na hapana mkulima atakayeikataa kundi likiwa limekwisha kutua. Hata hivyo huua pia bundi na mwewe wanaokula kwelea waliolegea, na huua nyuki wakiwa karibu. Majirani zetu wa Kondoa wamekuwa wakiwatega kwelea kwa wingi kwa mitego ya vikapu, wakawala na kuwauza. Mitego haiwezi kumaliza kundi la milioni, lakini kwa kundi dogo karibu na mashamba ni kazi isiyoacha sumu nyuma yake. Ndege waliokufa kwa dawa wasiliwe kabisa.

Mwanachama aweza kuuliza kama kweli tendo moja laweza kutikisa nchi nzima. Historia ya mikoa yetu ya kati na ya magharibi inajibu. Mnamo mwaka 1887 ugonjwa wa sotoka uliingia pembe ya Afrika pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka ng'ambo, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1890 ulikuwa umefika kwetu na kuua sehemu kubwa mno ya ng'ombe. Wafugaji walikufa njaa. Lakini haikuishia hapo. Ng'ombe walipokwisha, majani hayakuliwa. Watu walipopungua, vichaka havikufyekwa wala kuchomwa. Pori likasogea juu ya malisho ya zamani. Wanyama wa porini walipoongezeka tena, mbung'o wakapata damu na kivuli, wakaenea mahali ambapo hawakuwapo, wakaleta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Hapo hata mtu aliyepata ng'ombe wapya hakuweza kuwarudisha palepale. Mtaalamu C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza uchunguzi wa mbung'o kutoka Shinyanga mpaka alipofariki mwaka 1938 kwa ajali ya ndege, alisisitiza kwamba mdudu huyo hashindwi kwa kumwinda mwenyewe tu, bali kwa kuyajua na kuyabadili mazingira yanayomtunza. Sotoka yenyewe ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani kote. Pori lililoletwa nayo halikutangaziwa mwisho.

Mtu mwangalifu ataona hapa jambo linaloonekana kupingana na maneno ya nyuki. Kule tulisema pori ni mlezi, na hapa tunasema pori lilileta mbung'o. Hakuna ukinzani. Elimu hii haisemi kwamba miti ni mizuri na kufyeka ni kubaya. Inauliza ni pori la namna gani, mahali gani, lenye ukubwa gani, na nani anakaa ndani yake. Ukanda wa migunga kando ya bonde, pamoja na miti iliyoachwa katika mipaka ya mashamba, si sawa na kichaka kilichoifunika nchi kwa sababu watu wamekimbia.

Kwa Mwankoko kuna sababu moja zaidi ya kutunza uoto. Visima virefu vilivyochimbwa huku ni miongoni mwa vyanzo vya maji ya mji wa Singida. Mvua ikianguka juu ya ardhi tupu iliyokanyagwa hukimbia na kuchukua udongo. Ikianguka penye majani na mizizi hupungua mwendo na kupata nafasi ya kuzama. Hilo halihitaji hesabu nyingi. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi kwa kumwaga ndoo mbili za maji, moja juu ya njia ya ng'ombe na nyingine chini ya mgunga wenye majani makavu, kisha kutazama saa.

Makatibu wanaweza kuanza na kazi ndogo isiyo na gharama. Katika daftari la mapokezi, pembeni ya uzito wa gunia, iandikwe sehemu ya kijiji ambako shamba liko na aina ya mbegu. Mbegu za kiganja kimoja zitolewe katika kila shehena, zihesabiwe mia moja, na zibonyezwe ili kujua mapepe ni mangapi. Baada ya misimu miwili au mitatu chama kitakuwa na ramani ya mapepe, ambayo inaweza kuwekwa juu ya ramani ya mizinga na ya pori lililobaki. Wanafunzi wa sekondari waombwe kufanya hesabu hiyo wakati wa likizo. Ni somo lao, na wana macho makali kuliko wazee. Mkutano mkuu ukishaona ramani hiyo ndipo uamue miti ipi isikatwe na mizinga iwekwe wapi, kwa kuwa sheria ndogo iliyopitishwa bila watu kuona hasara yao huvunjwa usiku uleule.

Tangazo la kunyunyizia dawa nalo lisiwe la mdomo. Libandikwe ubaoni ofisini siku tatu kabla, likitaja jina la mwenye shamba, mahali, dawa, tarehe na saa, na nakala apelekewe kila mwenye mzinga ndani ya kilometa tatu.